Kidonge Kilichokatwa kwa Wembe

Mara ya kwanza kufanya biashara na mama fundi wa foronya za makochi ninayotengeneza, nilidhani nimemweza. Nilimtajia bei ya chini kabisa, hakubishana.

"Sawa, tajiri," akasema, "ila mabaki ya kitambaa ni yangu. Na unikatie vipande viwili vinavyolingana."

Mabaki ningeyatupa. Nikakubali kabla hajabadili mawazo.

Baadaye niliona yalikokwenda. Alikuwa na mabinti wawili, mmoja wa miaka kumi na sita, mwingine kumi na minne, wote wamevaa maua ya makochi yangu. Baba yao alishajiendea zake. Mkubwa alisikia sauti za watu wasiokuwepo, akavunja vioo vya nyumba nzima ili wasimchungulie. Mwaka uliofuata Mdogo naye akaanza kuongea na ukuta.

"Hawa mmoja hapati kitu mwenzake akakosa," fundi alitania. Hakucheka.

Hospitali ikaanza utafiti wa dawa ya ugonjwa mkubwa wa akili kwa vijana. Nyumba moja, mtoto mmoja. Wakamchukua Mkubwa. Fundi hakujua kusoma, na utaratibu ulitaka shahidi asiye ndugu amsomee karatasi kwa sauti, kisha atie saini. Akaja dukani kwangu.

"Napata nini?" nikamuuliza.

"Foronya za mwezi huu bure. Najua wewe hata salamu huitoi bure."

Mimi mkataba huusoma mpaka maandishi madogo ya chini. Lakini siku ile mteja alikuwa ananisubiri, na kurasa zilikuwa tisa. Sista wa utafiti alipotoka kupokea simu, nikaruka ya saba.

"Mbona umefunua mbili pamoja?" fundi akauliza.

"Zimegandana," nikamwambia, nikatia saini.

Ya saba ilisema dawa ni ya mgonjwa mmoja, asigawiwe mwingine.

Kila mwezi fundi alirudisha chupa, sista akahesabu vidonge vilivyobaki, hesabu ikakaa sawa. Nyumbani, kila asubuhi, kidonge kilikatwa kwa wembe juu ya meza ya cherehani, kwa mkono uleule wa kushonea, usiopotoka. Nusu kwa Mkubwa, nusu kwa Mdogo. Mdogo alitulia kidogo, akaanza kupata usingizi. Mkubwa alibaki vilevile. Daktari, akidhani dawa haijamkolea, akaongeza kipimo, kisha akaongeza tena. Mwishowe akamlaza, na wodini akapewa kipimo chote bila kupunguzwa. Siku ya pili shingo ikakakamaa, taya likafunga, mate yakawa yanamtoka. Sindano ndiyo iliyomlegeza.

Fundi alipiga kelele wodi nzima ikasikia: "Hajazoea kizima! Mimi humpa nusu, nusu ya mdogo wake!"

Daktari akatuita ofisini. "Kama mama hakuelezwa, kosa ni letu, na binti atabaki mikononi mwetu na dawa yake. Kama alielezwa akagawa, sheria inamtoa binti kwenye utafiti." Akanigeukia. "Mzee, ulimsomea kurasa zote?"

Wiki ileile hospitali ilikuwa imekubali nitengeneze mabenchi ya wagonjwa wanaosubiri. Mkataba ulikuwa bado hauna saini.

"Zote," nikasema.

Fundi alinitazama kama anavyotazama kitambaa kilichopunjwa. Nilingoja anikanushe. Kazi yake yote ilitoka dukani kwangu, na yeye alilijua hilo kama mimi.

"Tajiri alisoma," akasema. "Labda mimi sikusikia."

Mkubwa akatolewa. Dawa ya zahanati leo ipo, kesho imekwisha. Mwezi wa tatu tangu atolewe, mama yake akiwa ameinamia cherehani, Mkubwa alifungua mlango akatoka. Tulimtafuta stendi, sokoni, vituo vya polisi, mochwari. Hajaonekana mpaka leo. Mdogo, bila ile nusu yake, amerudi kwenye ukuta.

Mabenchi niliyapata. Yako pale, akina mama wanayakalia wakiwa na chupa mikononi, wakisubiri kuhesabiwa vidonge.

Fundi bado ananishonea. Ukurasa wa saba hajautaja hata siku moja. Mabaki bado anataka vipande viwili vinavyolingana, nami namkatia. Bei ya foronya ameipandisha mara mbili mwaka huu, na sijabishana.