Niliacha Kukaa Siku Tisa, Kisu Kikafika Shingoni mwa Mdogo Wangu

Admin, naomba jina langu ulifiche. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na moja, Mwislamu, baba wa watoto watano, mchinjaji hapa Kamembe. Shule niliishia darasa la sita, mtanisamehe nikikosea kuandika.

Ndugu zangu, hasira yangu ni mbaya tangu ujana. Miaka minne iliyopita niligombana na mdogo wangu kazini juu ya ngozi ya ng'ombe. Kisu kilikuwa mkononi. Sikumbuki kuinua mkono. Nakumbuka vidole vyake viwili kwenye sementi, na damu nisiyojua ipi ya ng'ombe, ipi yake. Nilifungwa. Nilipotoka, yeye ndiye alikuja kunipokea, na mpaka leo ananishikia kichwa cha ng'ombe kwa vidole vitatu.

Nina mteja mmoja, fundi wa umeme kutoka Sri Lanka, mfuasi wa Buda. Nyama hali, ananunua mifupa kwa ajili ya mbwa wake. Siku moja akaniuliza mdogo wangu alikatwa na nini. Nikamwambia kweli. Hakunitukana. Alinifundisha kukaa kila asubuhi nikimaliza kuswali: nafunga macho, nafuata pumzi, hasira ikija naitazama tu mpaka ipite. Halafu namtakia amani ninayempenda, nisiyemjua, na aliyenikosea. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kazini, "Pumzi unatoa wewe, mdogo yako anavuta. Ukikata yeye, umekata nani?" Sanamu hakunipa, dini yangu hakuigusa. Miaka miwili sikumgusa mtu kwa ubaya.

Mwezi uliopita jirani alinichungulia nimekaa. Kesho yake sokoni nikasikia, "Uyu muntu anaabudu sanamu! Batu basikule nyama yake!" Yaani watu wasile nyama yangu. Vijana wakanivamia.

"Sema, papa, unaabudu nini?"

"Mungu mmoja!"

"Muongo! Piga ye!"

Walinipiga jiwe la mzani mdomoni, meno mawili yakatoka. Nikiwa chini walinikanyaga mbavu, na kisu changu kiko kiunoni. Nilivuta pumzi. Niliwasikia wanahema juu yangu, pumzi ileile ninayovuta mimi. Sikukitoa.

Wazee wa msikiti wakasema niache kukaa, la sivyo waumini hawatakula ninachochinja. Nina watoto, nikaacha. Siku ya tisa mdogo wangu aliiachia kamba, ng'ombe akanipiga teke. Akili iliponirudia, nilikuwa nimemkaba mdogo wangu kwenye ukuta, kisu chini ya sikio lake, na damu imeanza kuteremka kwenye kola. Hakukimbia. Alisema polepole, kama anamtuliza mnyama:

"Yaya, rudi kukaa. Mimi nitasimama ku mlango, muntu asikuone."

Yaya ni mimi, mkubwa wake. Nililia mbele ya watu, mzee mzima.

Walioona wamewafikishia wazee maneno ya mdogo wangu, na sasa wazee wanataka jibu kesho, Ijumaa: ninakaa au nimeacha? Nikisema ninakaa, kazi aliyotuachia baba imekwisha. Nikisema nimeacha, ninyi mmesikia siku tisa zimefanya nini. Na kukaa kwa kujificha, wakati nawaambia wazee nimeacha, ni uongo mbele ya Mungu.

Mwenye elimu ya dini, au mwenye huruma tu, nishaurini, niwajibu nini? Msikawie. Ng'ombe wa kesho wameshafungwa, na mdogo wangu ndiye atanishikia kichwa.