Chombo cha Cuthbert Kisichopinduka

Karakana ya ushirika ilipofungwa na biashara kuachiwa huru, fundi Cuthbert wa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, alibaki na randa yake na wazo moja: chombo cha kuvulia usipa, dagaa wa ziwani, kilindini, kisichopinduliwa na upepo wa mwera. Aliunganisha mitumbwi miwili kwa sakafu ya mbao. Kilihitaji wapiga kasia wanne. Yeye, mgane asiye na mtoto, alikuwa mmoja.

Wavuvi walikitazama kwa mbali. Kwao mitumbwi hufungwa pamoja kwa jambo moja tu, kuvusha jeneza, na Cuthbert, aliyezama katika vipimo, alikuwa amelisahau.

“Shikamoo, mzee,” alisema jirani yake, Hamphrey. “Tunakwenda kuvua au kuzika?”

“Marahaba,” aliitika Cuthbert, wavuvi wengine wakicheka.

Kisha Bibi Edina, mwanakijiji mwenzao, akafariki, na makaburi ya ukoo wake yalikuwa ng’ambo ya ghuba. Mwera ulivuma. Wavuvi walikuja wenyewe kukiomba chombo, naye akashika kasia la nyuma. Mawimbi yalipanda, lakini jeneza halikutikisika. Cuthbert alimshukuru Mungu kwa kuwa na wenzake, kisha akaona haya kufurahi msibani.

Waliporejea akasema, “Hamphrey mwanangu, mmeona wenyewe. Kesho tukavue.”

“Tumeona, mzee. Ni chombo chema mno,” Hamphrey alijibu kwa upole, akishuka. “Ndiyo maana tutawawekea wafu wetu.”

Tangu hapo, kila jioni Cuthbert alimwomba Mungu ampe wenzi wa kupiga kasia, kisha akaomba upesi sala ile isisikiwe, kwa kuwa alijua ni jambo gani lingewaleta.