Nilivyorudi Kimara Kutoka Kayonza

Wiki yangu ya mwisho ya kufundisha Rwanda nusura iniharibikie kwa sababu ya maneno mawili.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa ualimu, somo langu Kiswahili, na chuo kilikuwa kimetupeleka wachache nje ya nchi kwa mazoezi ya kufundisha. Mie nilipangiwa shule ya sekondari nje kidogo ya Kayonza, mji mdogo ulioko njia panda, mashariki ya Rwanda. Kabla sijaondoka nyumbani, mama yangu alikuwa amenishangaa waziwazi. Mama ni fundi cherehani, ana fremu yake ya kushonea Kimara, Dar es Salaam, na haachi kushona ili aongee. Huongea huku mguu ukiwa kwenye pedali.

"Kiswahili?" aliniuliza. "Mwanangu, Kiswahili nani asiyekijua? Hata mtoto wa jirani ambaye hajaota meno anakijua."

"Huko hawakijui, mama."

"Basi wangoje, watakijua tu."

Nilifika Kayonza nikiwa na ujuzi wangu wote wa Kimara. Mwalimu aliyekabidhiwa kunilea alikuwa mama wa makamo, mfupi, aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Yeye alikulia Karagwe, upande wetu wa Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama mstari wa rula. Alikaa nyuma ya darasa siku ya kwanza, akanisikiliza dakika arobaini bila kuandika kitu. Tulipotoka nje akaniambia, "Binti, unazungumza kama mtu anayekimbizwa. Nani anakukimbiza?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Sema sentensi, kisha nyamaza. Waache waitafune."

Ilinichukua mwezi mzima kujifunza kunyamaza. Nilikuwa nikiuliza swali, nikiona kimya nalijibu mwenyewe. Yule mama akawa ananyoosha kidole kimoja kutoka nyuma, kuniashiria ningoje. Nilikuwa nangoja huku jasho linanitoka mgongoni. Siku moja nikauliza, nikangoja, na kutoka kwenye dawati la dirishani akasimama msichana mmoja mrefu ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake. Alijibu kwa sentensi nzima, polepole, akiokota neno moja moja. Ngeli alizivuruga, lakini alimaliza. Darasa likampigia makofi, naye akakaa akiwa ameuficha uso kwenye daftari.

Kuanzia siku hiyo akawa ananifuata uwanjani jioni, tunapocheza netiboli. Huko uwanjani nilikuwa sikumbuki rula ya mtu yeyote. Nilipiga kelele kama nilivyozoea kupiga kelele kwetu, na wasichana wakayadaka maneno pamoja na mpira. Mie sikuwa na habari.

Sasa, wiki ya mwisho akaja mhadhiri wetu kutoka chuoni kunipima. Ni mzee mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nilifundisha vizuri siku ile, nasema kweli. Niliuliza, nikangoja, wakajibu. Kipindi kilipokwisha, mhadhiri akainuka, akawageukia wanafunzi.

"Hamjambo?"

"Hatujambo, mwalimu!"

"Haya. Nani atanieleza, somo la leo mmelionaje?"

Akasimama yule msichana mrefu. Moyo ulinijaa fahari. Akakunja mikono nyuma kwa adabu zote, akasema, "Shikamoo, mzee. Somo liko freshi. Sie tumelielewa kinoma."

Nilitamani ardhi ipasuke: hayo yalikuwa maneno yangu ya uwanjani, ya kijiweni kwetu. Yule mama mlezi wangu alifumba macho. Mhadhiri aliivua miwani, akaifuta kwa tai yake, akaivaa tena. Mabega yakaanza kumtikisika, na nilidhani ni hasira mpaka nilipoona machozi yakimtoka. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika dawati, na darasa zima, bila kujua kwa nini, likaanza kucheka naye.

Tulipotoka akaniita pembeni.

"Wewe kwenu ni wapi pale Dar?"

"Kimara, mwalimu."

"Nimekisikia Kimara hapa." "Utawafundisha wapi pa kusema hivyo na wapi pasipofaa, umenielewa? Lakini nimezunguka shule kadhaa wiki hii. Wanafunzi wananisomea sentensi walizokariri. Huyu kaniambia alichokiona yeye mwenyewe."

Nilitumia kipindi changu cha mwisho kufundisha hilo hilo: namna ya kumjibu rafiki na namna ya kumjibu mkubwa. Yule msichana alipong'amua alichomwambia mhadhiri alipiga ukelele, akajifunika uso kwa sweta. Kisha akauliza, kwa Kiswahili safi kabisa, "Mwalimu, kwa hiyo umefaulu au hukufaulu?" Nikamwambia nadhani tumefaulu wote.

Siku ya kuondoka walinisindikiza mpaka kituoni, darasa zima na sare zao. Mama mlezi alibeba mwenyewe ndoo ya maharage aliyonifungia, akakataa kupokewa. Basi la kwenda Dar lilipofika, wanafunzi wakaanza kusema "Murabeho, mwarimu," kwaheri ya kwao, na mie nikawa nawajibu hivyo hivyo huku nalia na kucheka. Mama mlezi alinishika mkono akaniambia, "Sasa unajua kungoja. Nenda salama." Basi likaondoka, na nilipogeuka dirishani nikamwona ametoa kitambaa anafuta pua, wanafunzi wamemzunguka.

Tulivuka mpaka wa Rusumo, tukashika njia ndefu ya Kahama, Singida, Dodoma, Morogoro. Nililala, nikaamka, nikalala. Kesho yake jua likiwa juu tukaingia stendi ya Mbezi, na kabla sijateremsha mguu nikasikia kigelegele ninachokijua tangu utotoni. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, amejipaka poda, na futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Alikuwa ameisahau.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" Akanikumbatia, kisha akanisukuma kidogo anitazame, akanishika kiuno kwa mikono miwili kama anavyofanya kwa wateja. "Umeongezeka. Hii sketi itabidi niiachie pande zote mbili. Walikuwa wanakupa nini?"

"Viazi, mama. Na maharage. Haya hapa mengine."

Alicheka hadi abiria wakageuka. Tukapanda bajaji na ndoo yetu katikati, mama akimwambia dereva kwamba huyu ni mwalimu, katoka Rwanda, alikuwa anafundisha Kiswahili kule. Alisema "Kiswahili" kwa sauti ya mtu anayetaja udaktari.

Siku zilizofuata nilikaa naye kwenye fremu, namsaidia kufumua na kushona vifungo. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Kila kitu kilinifurahisha: vumbi la barabara yetu ya ndani, muuza mbogamboga anayepita asubuhi akiita majina ya majani, majirani kuniuliza kama bado najua kula ugali. Wakati mwingine niliongea, nikanyamaza katikati, na mama akanitazama. "Mbona unakata maneno? Umekuwa mtangazaji wa redio?"

Asubuhi ya Ijumaa simu yangu ikalia. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, imetumwa kutoka simu ya mama mlezi. Nilipoifungua, sauti kama thelathini zikaijaza fremu: "Mwalimu, hujambo? Ulifika salama? Mama hajambo?"

Cherehani ikasimama. Sijawahi kuiona ikisimama hivyo katikati ya mshono.

"Wananiuliza mie?" mama alisema. "Lete hiyo simu."

Nikamwonyesha pa kubonyeza ili naye arekodi na kuwatumia. Akajifunga khanga vizuri, kana kwamba wangemwona, akaikaribia simu. "Sijambo, wanangu. Mimi ndiye mama yake. Kitendawili!"

Tukangoja. Nilitaka kumwambia kwamba huenda wasielewe, lakini nikajizuia. Jibu likaja: "Tegaaa!"

Mama alipiga paja. "Mbuzi wangu kila akipita, mkia wake unapungua."

Wakajaribu. Mmoja akasema mshumaa. Mwingine akasema penseli. Nikamsikia mama mlezi kwa mbali akiwahimiza wasikate tamaa. Mwishowe wote kwa pamoja: "Tumeshindwa, mama!"

"Basi nipeni mji," mama akasema.

"Tunakupa Kigali!"

"Kigali sitaki. Nasikia ina milima, magoti yangu hayawezi."

"Tunakupa Dar es Salaam!"

"Mnanipa nyumba yangu mwenyewe? Sitaki!"

Vicheko vilitoka kwenye simu, na mteja aliyekuja kuchukua gauni lake akabaki mlangoni ameshika nguzo. Kisha ikaja sauti moja tu, ya msichana, bila haraka: "Mama, tunakupa Kayonza. Ni mji mdogo, lakini ni wetu."

Mama alinitazama, macho yanameremeta, kisha akabonyeza.

"Kayonza nimeupokea. Nimekwenda Kayonza, nimefika mchana, nimepokewa na watoto wenye adabu. Nimekaa nao, nimecheka nao, nimewashonea sare mpya wote, na mwalimu wao nimemshonea gauni. Sasa nimerudi, nawaambia jibu. Ni sindano na uzi!"

Makofi yalipokuja yalidumu mpaka sauti ilipokatika. Mteja mlangoni akakohoa, akauliza kama gauni lake liko tayari.

"Dada yangu, subiri kidogo," mama alimwambia, akiwa ameishikilia simu kwa mikono miwili. "Huoni tuko darasani?"