Chumba cha Magazeti Kilichokutwa Kitupu

Kabla mlango haujafunguliwa, Mama Kurasa anatandaza gazeti la leo juu ya meza ndefu, anautafuta mkunjo kwa kidole gumba, halafu anapitisha kisu. Anakata polepole kutoka juu hadi chini, kama mtu anayepasua samaki na hataki kupoteza nyama. Gazeti la kurasa kumi na sita linakuwa karatasi nane. Kila karatasi anaibana kwenye ubao wake kwa vibanio vya nguo.

Nje wameshaanza kukohoa. Ni kikohozi cha kumjulisha kwamba wamefika.

"Mama, leo umelala?" inauliza sauti ya mzee dirishani.

"Nimelala, na nimeota umeamka na adabu," anajibu bila kuinua macho. "Subiri nimalize."

Wanacheka. Mlango unafunguka, na kila mmoja anakwenda kwenye ubao wake kama kuku anayelijua banda lake.

Hiki ni chumba cha kusomea magazeti cha halmashauri, nyuma ya ofisi ya maji. Kina meza moja, madirisha mawili, na viti ambavyo nusu yake vimeungwa kwa misumari. Mwanamke huyu wa miaka hamsini na minne amekuwa akiingia humo kila siku ya kazi kwa miaka kumi na tisa. Mwisho wa mwezi huu kinafungwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba hakina wasomaji.

Soma tena hapo. Hakina wasomaji.

Mama Kurasa hakuajiriwa kutunza magazeti. Aliajiriwa kufagia. Mtunzaji alipostaafu, mkuu wake alimkabidhi funguo na kumwambia azishike kwa muda. Muda huo sasa una miaka kumi na miwili. Wakubwa wanalipenda sana neno hilo. Mnyonge akiambiwa "kwa muda", ajue ameshapewa maisha.

Mshahara umebaki ule ule wa mfagizi. Ukishalipa kodi ya chumba na nauli ya binti yake wa mwisho, umekwisha. Kwa hiyo jioni anafua nguo za watu, na ndiko vibanio vinakotoka.

"Zamani yalikuja magazeti sita kila siku," anasimulia. "Yakawa matatu. Nikauliza, nikaambiwa bajeti. Likabaki moja. Sikuuliza tena, niliogopa wasije wakalikumbuka na hilo."

Gazeti moja, watu ishirini na zaidi. Hapo ndipo kisu kilipoingia.

Mstaafu mmoja aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, wanamwita Mzee Reli, alikuwa hawezi kukaa kabla hajaona ukurasa wa kwanza. Fundi Viatu, ambaye kibanda chake kiko ubavuni mwa jengo hili, hana habari na ukurasa wa kwanza. Yeye anaanzia nyuma kwenye mpira. Lakini ukurasa wa kwanza na wa mwisho ni karatasi moja.

"Mmoja anavuta huku, mwingine kule," anasema Mama Kurasa. "Siku moja likapasuka katikati, fyaa! Wote wakanitazama wakingoja niwafukuze. Mimi nikaona, kumbe dawa yenyewe ndiyo hii."

Tangu siku hiyo, gazeti moja linasomwa na watu wanane kwa wakati mmoja. Ukimaliza karatasi yako unampa wa kulia kwako, na wa kushoto anakupa yake. Kabla ya adhuhuri kila mtu amesoma gazeti zima, na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake.

Mzee Reli akishaona kichwa kikubwa cha habari, anakwenda moja kwa moja kwenye matangazo ya vifo. Nilimuuliza sababu.

"Ofisi yetu haitupigii simu," alisema. "Tukishastaafu, tumeshatoka kwenye hesabu. Gazeti ndilo linaloniambia tumebaki nani."

Fundi Viatu anasoma uchambuzi hata wa mechi aliyoitazama mwenyewe. Anasema mpira aliuona, lakini hakujua ameona nini mpaka mchambuzi alipomweleza. Msusi wa saluni ya jirani ana ukurasa wa ushauri wa ndoa. Anausoma amesimama, mgongo kwa watu, na akishikwa akicheka peke yake anasema shida hiyo ni ya rafiki yake.

"Huyo rafiki yako ana shida nyingi," Fundi Viatu alimwambia siku niliyokuwapo. "Mlete tumuone."

"Shona viatu, baba. Mdomo hauna soli."

Lakini wote hao, kila mtu na ukurasa wake, wanakutana ukurasa wa sita. Jumanne na Ijumaa kuna safu inayoitwa Neno la Jirani. Mwandishi wake hatoi picha wala jina, anajiita Jirani tu. Anaandika juu ya bomba linalovuja mwaka mzima, juu ya karani anayekwenda chai na harudi. Alipoandika habari za kiongozi aliyekata utepe kwenye choo cha soko kisicho na maji, Fundi Viatu alicheka mpaka misumari aliyoibana midomoni ikamwagika.

Wamejiwekea sheria juu ya safu hiyo. Aliyeisoma kwanza haruhusiwi kusema kitu mpaka karatasi imalize mzunguko. Anayevunja sheria anasomeshwa ukurasa wa zabuni kwa sauti.

"Jirani leo kamalizia pabaya," alijisahau Fundi Viatu.

"Wewe! Lifunge hilo bakuli!" msusi alimkatiza.

"Sijasema kitu, dada yangu."

"Umesema pabaya. Sasa nitasoma roho juu, nikilingoja hilo pabaya. Mama, mpe zabuni."

Fundi Viatu akasimama, akapewa ubao, akasoma habari za usambazaji wa matairi na mabomba mpaka sauti ikamkauka, wenzake wakimwitikia kama watoto wa darasa la kwanza. Hawa ndio wasomaji ambao hawapo.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Mwezi uliopita Mama Kurasa aliambiwa kwamba Jumatano angekuja mkaguzi kutoka makao makuu. Angetazama chumba kinavyotumika, na kwa maneno yake ndipo wangeamua kukiacha au kukifunga. Akawatangazia wasomaji wake: Jumatano tuna mgeni mkubwa, naomba tupendeze.

Walipendeza. Jumanne jioni walikuja na ndoo zao. Msusi alipiga deki mara mbili. Fundi Viatu aligongomea miguu ya viti. Mzee Reli alifuta vioo kwa gazeti la juzi, baada ya kuhakikisha hakuna mwenzake wa kazi ndani yake. Mama Kurasa alirudi nyumbani akiwa na furaha, akamwambia binti yake kwamba kesho chumba kitaokoka.

Jumatano asubuhi alifungua mlango. Hakuna aliyekohoa nje.

Alikata gazeti, akapanga mbao, akakaa. Akachungulia. Ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, akawaona wamesimama kwa mstari, wamevaa nguo za heshima. Kabla hajavuka kwenda kuwauliza, gari likafika.

Mkaguzi alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi. Aliingia, akatazama viti vitupu.

"Wasomaji wako wapi, mama?"

"Wapo, mheshimiwa. Wale pale ng'ambo."

Mkaguzi alichungulia dirishani. "Wale wameegemea ukuta. Nakuuliza wasomaji."

Mama Kurasa akapunga mkono waje. Wao wakadhani anawaambia wajifiche zaidi, wakapinda kona, wakapotea wote.

"Ningewaita kwa sauti," anasema Mama Kurasa, "lakini mbele ya mkubwa unapigaje kelele? Na mimi ndivyo nilivyofunzwa."

Kijana akageukia meza. "Na haya magazeti nani ameyachana?"

"Sikuyachana, nimeyakata ili wote wa—"

"Hii ni mali ya umma, mama."

Hakukaa. Viti vilivyogongomewa jana yake havikupata hata mtu mmoja wa kuvikalia. Gari lilipoondoka, wale wa kona wakajitokeza kuaga. Mzee Reli alivua kofia akatoa shikamoo kwa mtu wa umri wa mjukuu wake. Kioo kilikuwa kimepandishwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja, na mwenyeji yu taabani.

Kesho yake walirudi wote, wachangamfu, wanauliza kama mgeni alifurahi. Mama Kurasa aliweka kisu chini.

"Mlikuwa wapi jana?"

"Tulikupisha," alisema Mzee Reli. "Mkubwa anakuja, sisi tukae tukimkanyagia sakafu? Tulisema akute pasafi, pametulia, aone unavyopatunza."

"Alikuja kuwaona ninyi, baba. Hakuja kuona sakafu."

Msusi aliketi, akafunika uso kwa kanga. Fundi Viatu akasema kwa sauti ya chini, kama anayejisemea, "Asiyekuwapo na lake halipo."

Wapo watakaowacheka watu hawa na kusema ni ujinga. Mimi sicheki. Mtu aliyesukumwa kando ya barabara tangu utotoni kila msafara unapopita, aliyefungiwa kibanda chake kila kiongozi anapotembelea soko, aliyeambiwa ofisini arudi kesho kwa kuwa bosi ana wageni, huyo amejifunza somo moja na amelishika: mkubwa akija, wewe toweka. Wodini alikolazwa marehemu mke wangu, siku ya ugeni wagonjwa walitandikiwa shuka mpya, na sisi tuliokuwa tukiwauguza tukatolewa nje ya geti. Mgeni akaona wodi safi, haina msongamano. Jioni shuka zikakusanywa. Kwa hiyo najua nani aliyewafundisha. Waliowafundisha ndio hao hao wanaowauliza leo, mbona hamkuwapo?

Nilikwenda halmashauri. Ofisa aliyenipokea hakutaka atajwe. Alisema mkaguzi aliandika alichokikuta, na alikuta chumba kitupu na magazeti yaliyokatwakatwa.

Nilimwambia siku yoyote nyingine atakuta watu ishirini. Je, mkaguzi hawezi kurudi?

"Safari ile ilitengewa fedha mara moja," alijibu.

Na wewe mwenyewe, nikamuuliza, kutoka hapa hadi pale ni mwendo wa kuvuka uwanja mmoja, huwezi kwenda ukatazama? Alinikumbusha kwamba ana kikao.

Chumba kitakuwa ghala la mita za maji. Mama Kurasa hafukuzwi kazi. Anahamishiwa kwenye korido za jengo kuu, arudie ufagio wake. Binti yake anamwambia ashukuru, kazi imepungua na mshahara ni ule ule.

"Anasema kweli," anasema mama. "Lakini korido haikungoji. Hawa wananingoja. Mzee Reli akikosa gazeti, atajuaje aliobaki nao?"

Ndiyo maana juzi mchana nilimkuta uchochoroni, kati ya jengo na kibanda cha Fundi Viatu, amepanda juu ya kiti akifunga kamba kutoka nondo ya dirisha hadi nguzo ya kibanda. Ni kamba yake ya kuanikia. Wasomaji wameafikiana kuchanga gazeti moja kwa siku, Fundi Viatu atalinunua, na yeye atapita alfajiri kulikata na kulitundika kabla hajakwenda kwenye korido.

Kwanza walitaka kulibandika ukutani. Yeye ndiye aliyewakumbusha kwamba ukuta una uso mmoja na gazeti lina mbili. Ukiubandika ukurasa wa tano, umemfukia Jirani. Kwenye kamba, huyu anasoma upande huu na yule upande ule, na kila mtu anapata ukurasa wake.

Walikuwa wakijaribu. Karatasi nane za gazeti la jana zilining'inia kama nguo za mtoto, na upepo ulizisumbua kidogo. Chini yake niliona miguu tu: viatu vya Mzee Reli upande mmoja, kandambili za msusi upande wa pili.

"Na ruhusa?" nilimuuliza.

"Nikiomba watatuma mkaguzi."

Tukiwa bado tunazungumza, gari jeupe likakata kona na kuingia uchochoroni, likapiga honi. Kufumba na kufumbua, kamba ilikuwa peke yake. Msusi alikuwa mlangoni mwa saluni. Fundi Viatu aliinamia kiatu kisichokuwapo. Mzee Reli alikuwa ameshavua kofia, mgongo ukutani, tumbo amelivuta ndani ili gari lipite.

Lilikuwa gari la mikate. Dereva alisimama, akashangaa zile karatasi, akauliza kama matokeo ya jana yamo.

Hakuna aliyecheka. Mama Kurasa alishuka kitini, akaokota kibanio kilichoanguka, akakirudisha kwenye ukurasa wa sita.

"Rudini," aliwaambia. "Rudini msome."

Walirudi mmoja mmoja, wakikwepa macho yake. Mzee Reli ndiye wa mwisho, na alisimama nusu hatua nyuma ya wengine, kofia ingali mkononi.

"Kamba tunayo, gazeti litapatikana, na kusoma wanajua," Mama Kurasa aliniambia. "Nina wiki mbili za kuwafundisha kutoondoka."