Kunyimwa Moto

Siku hizi watu wenye viti wanasema chama cha wafanyakazi huleta fujo. Mimi nilikaa kambi ya machimbo upande wa Geita, miaka ile kabla ya vita kuu ya pili, na fujo niliona inakotoka. Majina siandiki. Vyeo vinatosha: meneja, karani, nyapara wa zamu yetu. Na mimi.

Tuliingia kwa kipande, kadi ya mkataba inayotiwa alama kila siku ya kazi. Ukishaweka dole gumba, huondoki mpaka siku za kazi ziishe, na siku ya kuugua haikuwa siku. Aliyetoroka alirudishwa na kamba mikononi. Zizi la ng'ombe lile, ila ng'ombe jioni hucheua kwa amani. Sisi tulipigana. Ilianza kwenye foleni ya kisima, kwa mzaha tu.

"Mzinza, harufu ya samaki wako imetutangulia shimoni!"

"Afadhali samaki, Msukuma. Wewe unalala na ndama!"

Kwetu huo ni utani. Lakini mtu aliyefungiwa hana tumbo la utani. Jioni moja Msukuma mwenzangu akampasua Mzinza kichwa kwa mpini wa sururu.

Aliyekomesha hayo alikuwa Msumbwa wa upande wa Kahama, mchimbaji kama sisi, ila ametuzidi umri. Akatukumbusha basumba, ule umoja wa vijana wa kulima pamoja huko nyumbani. Una mkubwa wake, una sheria zake, na mkaidi hapigwi. Hunyimwa moto. Hakuna jiko litakalompa kaa, hakuna atakayeitikia salamu yake.

"Tufanye hivyo hapa," alisema. "Na Wazinza wawemo."

Tukamchagua yeye. Yule mpasua kichwa alitafuna mahindi makavu siku tatu, ya nne akaja kuomba radhi analia. Kambi ikatulia.

Sheria nyingine ilikuwa ya shimoni. Asubuhi hashuki mtu kabla mkubwa wetu hajagonga magogo yaliyoshikilia paa, moja moja, kwa nyundo, sikio ameliinamisha. Gogo likijibu vibaya tunakaa juu mpaka libadilishwe. Nyapara alitutukana mama zetu, lakini angemshusha nani? Wote tumeketi chini, kimya. Fimbo haikujua ianzie wapi.

Ndipo karani alipokuja kambini, mpole kama mgonjwa. "Meneja amefurahi. Ugomvi umekwisha. Anataka kumjua mkubwa wenu, ampe blanketi."

Yule Msumbwa aliketi ubavuni mwangu. Akaninong'oneza, "Usiseme kitu, mdogo wangu."

Lakini kwetu mkubwa wa basumba hupelekwa mbele ya mtemi, naye mtemi humheshimu. Nikadhani meneja ndiye mtemi wa pale. Mjinga mimi! Nikamshika yule Msumbwa mkono nikauinua juu. "Ni huyu!" Na wenzangu wakashangilia.

Askari wawili walimchukua kesho yake. Blanketi sikuliona. Kusoma nilifundishwa kidogo na katekista, basi nilipopeleka kipande kutiwa alama, kwenye karatasi mezani kwa karani, kando ya jina lake, nikasoma neno moja herufi kwa herufi: mchochezi. Mtu aliyetuzuia kuuana! Hatukumwona tena.

Asubuhi ile nyapara alisimama mdomoni mwa shimo. "Haya, nani mkubwa leo? Ajitokeze, blanketi bado zipo!"

Hakujitokeza mtu. Tukashuka bila kugonga.

Wazinza wakasema Msukuma kamuuza mkubwa wetu. Wasukuma wakanitetea, si kwa haki, kwa sababu tu mimi ni wa kwao. Mipini ikatoka tena, na safari hii hakukuwa na wa kuirudisha.

Haikupita wiki paa likashuka. Mimi na Mzinza mmoja, mpakia mawe, tukabaki upande wa ndani, taa imezimika, mguu wake chini ya gogo. Nilivuta gogo mpaka kucha zikang'oka. Ng'ambo ya kifusi tulisikia watu. Hawakuwa wakichimba.

"Wa kwenu ndiye aliyemuuza, mfukueni wenyewe!"

"Na wa kwenu naye je?"

Na sauti ya nyapara: hapana kugusa kitu mpaka meneja afike.

Mzinza akasema, "Mkubwa angekuwepo, hawa wangekuwa wanachimba."

"Angekuwepo, tusingekuwa humu."

Akaushika mkono wangu gizani. "Ulidhani kweli ni blanketi?"

"Nilidhani."

Akacheka, kicheko kifupi, kikamuumiza. Walipotufikia mimi nilikuwa hai. Yeye mkono wake ulikuwa umeshapoa ndani ya wangu.

Siku za kulala na mbavu zilizovunjika hazikuwa siku, kwa hiyo kipande changu kilisimama palepale. Nilipoweza kutembea nilichukua kigae nikaenda kuomba moto kwenye jiko la ndugu wa yule Mzinza aliyekufa. Nisiwafiche, nilitaka aninyime. Njia nzima nilijipanga nitakavyosimama pale, nirudi na kigae kitupu, nile mahindi makavu, na siku ya nne nije kuomba radhi kama yule mwingine.

Akachokora majivu. Akanitilia kaa jekundu, zuri, bila kuinua macho.

"Chukua," alisema. "Siku hizi anapewa kila mtu."