Aliyebebeshwa Tangi Mahongole

Haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu saa nne asubuhi, jua likiwaka na upepo wa Makambako ukivuma kama kawaida yake. Sikuwa nimelala. Sikuwa na homa. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, sijauonja tangu alipozaliwa mjukuu wangu wa kwanza. Natanguliza hayo kwa sababu najua mtakavyosema: bibi kazeeka. Mwanangu Amoni naye hakuniamini, na mpaka leo sijamsamehe vizuri.

Shule niliishia darasa la nne, hapohapo Mahongole. Lakini majina! Niulize jina la mtu yeyote niliyewahi kupeana naye mkono. Mkunga aliyemtoa Amoni tumboni aliitwa Tabitha, mume wake Elikana, na mbwa wao Simba, ingawa alikuwa anaogopa hata kuku. Majina ndiyo mali yangu. Kwa hiyo fikiria hasira yangu siku niliposimama mbele ya mtu ninayemjua, uso naujua, hata lile pengo la meno nalijua, na jina likakataa kuja.

Ilikuwa hivi. Amoni anafanya kazi kwenye ghala la parachichi, na mwaka jana walimhamisha kutoka Dodoma kuja Makambako. Ana mke, Upendo, na watoto watatu. Wakasema na mimi nitoke Iwawa, huko Makete nilikoolewa nikazeekea kwenye baridi na viazi, nikae nao. Vizuri. Sasa tukae wapi? Upendo alitaka Njombe mjini. Alisema Njombe kuna shule za maana, mji umetulia, Makambako ni malori na vumbi. Amoni alitaka Makambako, asiwe wa kuamka na jogoo kwenda kazini. Mimi nikasema Mahongole. Ni Makambako hiyohiyo, lakini kuna mashamba, kuna nafasi ya kufuga kuku, na ndipo nilipozaliwa. Nilisema asubuhi, nikasema mchana, nikasema wakati wa kula.

"Mama, tumekusikia," Amoni akaniambia.

"Hamjanisikia. Mngenisikia mngekuwa mmeshafunga mizigo."

Basi nilishinda. Kumbukeni hilo, kwamba nyumba ile niliitaka mimi.

Dalali alikuwa kijana wa simu mbili anayeitwa Festo. Alitupeleka kwenye nyumba mpya ya bati la bluu, madirisha makubwa, ua umesafishwa mpaka hakuna hata jani. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema ni ya bosi, yuko Dar es Salaam.

"Bosi hana jina?"

"Sisi tunamwita bosi tu, bibi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kugeuka nirudi garini. Kwetu mtu anayetaka kukaa kwenye kiwanja cha watu huonyeshwa kwanza makaburi. Anasimama pale, anataja jina lake, anasema amekuja na nani na atakaa kwa wema. Halafu ndiyo anaonyeshwa choo na jiko. Nimefundishwa hivyo na mama yangu, nami nimewafundisha wanangu. Lakini Festo alianza na tangi la maji. Lilikuwa jeusi, kubwa, limekaa juu ya mnara mfupi wa matofali kwenye kona ya ua.

"Hapa maji hayakatiki, bibi. Pampu inajaza alfajiri, mnatumia mpaka mchoke."

Mimi niliyepandisha ndoo kutoka bondeni miaka hamsini, nifanyeje? Nilipiga vigelegele. Sikuuliza kaburi wala nini. Nikasema chukueni, hapahapa. Kosa ni langu, nalikubali, lakini mkosaji si mimi peke yangu, mtaona.

Wao wakaingia ndani kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Mimi nikabaki nje, nikaenda kwenye bomba lililo chini ya mnara nioshe miguu. Nilipoinuka, kuna mwanamke amesimama upande wa pili wa mnara.

Mzee kama mimi, au mdogo kidogo. Kitenge cha kijani. Amelowa, lakini kulowa kwa kuchuruzika, maji yanatoka utosini yanapita usoni mpaka kidevuni. Mikono yote miwili ameiinua, viganja juu, kama mtu aliyeshikilia ndoo kichwani. Na kichwani hakuna kitu. Halafu sikilizeni hili. Upepo ulikuwa unapiga mpaka bati linalia, kanga yangu inataka kuruka. Kitenge chake hakikutikisika hata ncha.

Nikamsalimia. Ningefanya nini kingine? Mtu ni mtu mpaka ujue vingine.

"Kamwene."

"Kamwene," akaitikia. Halafu akaniangalia juu mpaka chini. "Umezeeka, wewe. Makete imekukausha kama kiazi cha mwaka jana."

Nikacheka, maana matani yale ni ya mtu anayekujua. "Na wewe umelowa hivyo, mvua iko wapi?"

"Mvua ya nini? Haya ni maji ya watu. Nimebeba tangu walipojenga. Hakuna hata mmoja aliyeniambia tua."

"Si utue mwenyewe?"

"Nitatuaje, na wewe ndiye unawaletea ndoo nyingine? Mko wangapi?"

"Sita."

"Sita!" Akasonya. "Na huyo mkwe wako anaonekana ni wa kufua kila siku."

Ndugu yangu, kilichonisumbua zaidi ni jina. Nilikuwa nalitafuta, nalitafuta. Mimi! Nikaona nijishushe, nikasema, "Dada, nisamehe, uso nakujua, jina limenitoka."

Hapo akakasirika. Nimeona watu wakikasirika, lakini ile ilikuwa hasira ya mtu aliyeonewa muda mrefu. "Limekutoka? Hata wewe? Lilikuwa limeandikwa hapa." Akaelekeza kidevu chini ya mnara. "Limeandikwa kwa rangi nyeupe. Wameling'oa." Kisha sauti ikapungua, akasema neno ambalo mwanamke yeyote wa kwetu akiambiwa hawezi kulikataa: "Nitue."

Wanawake mliobeba maji mnaelewa. Mwenzako akisema nitue, huulizi anatoka wapi, hata kama jana mligombana. Unanyoosha mikono. Nikanyoosha mikono, nikapokea pale juu ya kichwa chake mahali pasipo na kitu.

Uzito ule! Ulinishukia shingoni, nikashika mnara nisianguke. Yeye akashusha mkono mmoja, akashusha wa pili, akajifuta maji machoni, akapumua, "Aaa," kama mtu aliyefika nyumbani. Hapo Upendo akatokea mlangoni akiita, "Mama, njoo uone chumba chako!" Nikageuza kichwa. Nilipokirudisha, hakuna mtu. Kitenge hakuna. Chini pakavu.

Niliwaeleza palepale. Festo akaangalia simu yake. Upendo akanishika mkono akasema nikae kivulini. Na Amoni, mtoto niliyembeba mgongoni kutoka Iwawa mpaka Matamba kwa miguu alipougua surua, akasema, "Mama umechoka na safari. Halafu Mahongole si uliitaka wewe?"

Tukaondoka. Ndani ya gari nikaanza kujipima akili. Darasa letu la kipaimara tulikuwa kumi na mmoja, nikawahesabu kwa vidole: Lidia, Raheli, Yudita, Debora, Mariamu, Lameki, Zakaria, Yeremia, Ezekia, na mimi. Kumi. Nikarudia. Kumi. Nikarudia kwa kufuata mistari tuliyokaa kanisani, na pale kati ya Raheli na Yudita pakawa na nafasi tupu. Tulipofika kwenye reli, gari liliporuka kidogo, jina likaanguka mdomoni.

"Damari! Amoni, geuza gari!"

Damari, aliyenigawia nusu ya kitambaa chake cheupe siku ya kipaimara kwa sababu changu kilikuwa kimechanika. Aliyeolewa upande huu wa Mahongole mimi nikiwa nimeshaenda Makete. Alipofariki ilikuwa masika, barabara imekatika, sikufika msibani. Sikuwahi kuliona kaburi lake.

"Mama, tumeshaelewana na dalali."

"Geuza gari au nafungua mlango."

Aligeuza. Tukamkuta Festo bado yuko uani na simu zake. Nilimwambia aingize kichwa chini ya mnara, kwenye zile mbao zilizowekwa kubeba tangi. Akainama akinung'unika. Alikaa kule chini muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma jina moja la rangi nyeupe. Alipotoka hakuniangalia. Alimwangalia Festo.

"Huu ni msalaba," akasema. "Mmekata msalaba mkafanya mbao."

"Bosi alisema wapangaji hawapendi makaburi," Festo akajibu. Bila aibu! Kama anaeleza habari za rangi ya ukuta. "Tukasawazisha, tukapandisha mnara. Pale ndipo palipokuwa pamenyanyuka vizuri."

Pamenyanyuka vizuri. Mmesikia?

Nikamwambia ampigie huyo bosi asiye na jina. Alipojitaja, kumbe ni Obedi, mtoto wa mwisho wa Damari, niliyemnunulia soksi za kwanza. Nikamtaja kwa jina lake, jina la babu yake, na jina la mama yake. Akaanza kunibembeleza. "Mama mkubwa, mama alipenda maendeleo. Maisha yake yote aliteka maji mbali. Nilimwahidi nitamletea maji mpaka uani. Si nimemletea?"

"Umemletea kichwani, Obedi."

"Tutaliangalia, mama mkubwa." Akakata.

Hajaliangalia. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nilikwenda kwa mchungaji, wote wakasikitika sana, wakanipa chai. Sisi tukapanga Njombe mjini, kama alivyotaka Upendo tangu mwanzo, na Amoni huamka na jogoo kwenda Makambako na kurudi na giza. Halalamiki. Kabla ya kuingia nyumba hii alimtafuta mwenye nayo mwenyewe, akamuuliza makaburi yako wapi, akaenda akasimama akataja majina yetu sita.

Ile ya Mahongole ilipata wapangaji wengine ndani ya wiki moja.

Na mimi shingo yangu haijanyooka. Hospitali wamepiga picha wakasema hakuna kitu, ni uzee. Uzee gani huo unaojua ratiba? Alfajiri, saa ya pampu, nakuwa siwezi kuinua kichwa kwenye mto. Jumamosi mchana, naona kama nimepunguziwa, naweza hata kuangalia juu ya miti, najua kule wanafua, tangi linapungua. Siku moja ilikuwa nyepesi tangu asubuhi mpaka jioni, nikaimba, nikamwambia Upendo pengine wamelitoa. Baadaye tukasikia umeme ulikatika Makambako, pampu haikujaza.

Sijutii kupokea. Angalau sasa tumebeba wawili.

Lakini wewe unayehamishwa kikazi, unayezungushwa na dalali kwenye nyumba za marumaru, usianze na tangi kama mimi. Uliza kwanza waliolala hapo ni akina nani. Ukiambiwa hakuna, angalia mahali palipojengwa kitu kizito bila sababu, kisha nenda kapange kwingine. Na bibi yako akikwambia ameona mtu, usimpeleke kivulini. Inama uangalie.

Na wewe Obedi, kama mtu amekusomea haya: mama yako si mnara. Mtue.