Mshonaji wa Langoni

Mshonaji wetu wa Langoni hupima wateja bila kutaja inchi. Tepu huteleza kiunoni polepole. Namba huiandika kwa chaki mezani, akakata kitambaa, kisha akaifuta kwa kiganja.

Jana Thuwaiba, bibi harusi wa Ijumaa, alikuja kupimwa mara ya nne. Gauni lilimpwaya mwilini kama pazia penye upepo.

“Lipunguze tena, Bi. Bado naonekana mnene.”

“Leo umekula nini?”

“Maji.”

Mshonaji alitoa pini mdomoni, mojamoja. “Nguo sipunguzi tena, mwanangu. Kilichobaki ni mifupa.”

Akamimina uji kutoka chupa yake ya chai, akaonja, akampa kikombe. Thuwaiba alikishika muda mrefu, mvuke ukimpanda usoni, kisha akaomba mlango ufungwe. Ulipofungwa, akanywa.